Kuta za Mabamba ya Zege: Mambo ya Kuuliza Kabla Chama Hakijajenga Ofisi Mjini



Vyama vya ushirika havikuanza leo kumiliki majengo mijini. KNCU, iliyoandikishwa mwaka 1933, ina jengo lake la ghorofa katika mji wa Moshi. Wenzetu wa Kenya wana Jengo la Benki ya Ushirika katika Barabara ya Haile Selassie jijini Nairobi, ambalo liliharibiwa na mlipuko wa bomu tarehe 7 Agosti 1998 na baadaye likatengenezwa upya. Chama kikuu hujenga mjini kwa sababu mbili: kupata mahali pake pa kufanyia kazi, na kupata kodi ya pango kutoka kwa wapangaji wa ghorofa nyingine. Fedha yenyewe hutokana na makato ya kila kilo ya kahawa, pamba au korosho, pamoja na mkopo ambao mwanachama ataulipa hata kama hatalitia jengo hilo machoni. Kwa hiyo anayenyoosha mkono katika Mkutano Mkuu hana budi aelewe anachokikubali.

Somo hili lahusu njia moja ya kujenga ambayo hupewa sifa nyingi mbele ya kamati za ujenzi, yaani kuta za mabamba ya zege yaliyotengenezwa kiwandani. Sifa yake kubwa ni wepesi wa kazi. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo tutakayoyachungua.

Bamba la zege ni nini

Fundi wa kwetu ajengapo ukuta wa matofali ya saruji, ukuta huzaliwa pale pale utakapokaa: tofali juu ya tofali, kisha lipu, kisha rangi. Katika njia ya mabamba, ukuta hutengenezwa mahali pengine ukiwa umelazwa. Kalibu ya chuma au ya mbao huwekwa juu ya meza iliyonyooka, nondo hupangwa ndani yake, dirisha huachiwa nafasi, ndoano za kunyanyulia hufungwa, ndipo zege humwagwa na kutikiswa kwa mashine hadi hewa itoke. Kesho yake, au baada ya siku chache kufuatana na ukomavu wa zege, bamba hutolewa katika kalibu, hutunzwa kwa unyevu lisikauke upesi, na husimamishwa uwanjani lizidi kupata nguvu. Mwishoni hupakiwa katika lori na kupandishwa kwa winchi hadi ghorofa yake.

Njia hii si ngeni. Mjini Liverpool, Uingereza, mhandisi wa mji John Alexander Brodie aliitumia mwaka 1905 katika nyumba za wafanyakazi za Eldon Street. Katika majengo ya ofisi ilienea zaidi miaka ya 1960. Jengo la mviringo lililokuwa makao makuu ya polisi mjini Philadelphia, Marekani, lilikamilika mwaka 1962 kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa mapema. Na jengo la Pan Am mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1963, lilivishwa mabamba ya namna hiyo kwa nje.

Yafaa tutofautishe aina mbili, maana bei na hatari zake hazilingani. Aina ya kwanza ni bamba linalobeba mzigo. Hilo ndilo nguzo na ndilo ukuta, na sakafu ya ghorofa ya juu hukaa juu yake. Aina ya pili ni bamba linalotundikwa. Jengo husimamishwa kwanza kwa nguzo na boriti zake, halafu mabamba hushikizwa kwa nje kama vile mtu avaavyo koti. Kwa ofisi za kupangisha, aina ya pili ndiyo hufaa mara nyingi, kwa sababu mpangaji hutaka ukumbi mpana anaoweza kuugawa apendavyo, na kuta za ndani zinazobeba mzigo humzuia. Katibu aanze hapa anapozungumza na mhandisi: je, bamba hili labeba nini zaidi ya uzito wake lenyewe?

Wepesi na faida yake

Mafundi wanapochimba msingi na kusimamisha nguzo, kiwanda chaweza kuwa kinamwaga mabamba wakati huo huo. Mvua ya masika haisimamishi kazi iliyo chini ya paa. Aidha, mabamba hupandishwa na kufungwa pasipo majukwaa marefu ya kuzunguka jengo zima, jambo lenye maana kubwa mjini ambako ukuta wa kiwanja umegusa barabara.

Jengo la Centre Point la London ni mfano mzuri, lakini ni mfano wenye ncha mbili. Jengo hilo la ofisi, lenye urefu wa karibu mita 117, lilikamilika mwaka 1966. Uso wake ni vipande vya zege vilivyotengenezwa kabla, vikapandishwa juu ya barabara zenye msongamano bila majukwaa ya nje. Kazi ilikwenda vizuri. Hata hivyo jengo lilikaa tupu kwa miaka mingi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akingoja mpangaji mmoja wa kulichukua lote, hata Januari 1974 watu waliochukizwa na ukosefu wa nyumba wakaliingia na kulikalia kwa muda. Hivi leo limegeuzwa kuwa nyumba za kukaa. Tajiri yule aliweza kungoja kwa sababu thamani ya mali yake ilikuwa ikipanda mwaka hata mwaka. Chama chenye mkopo wa benki hakina nafasi hiyo. Kumaliza ujenzi miezi minne mapema ni faida ikiwa wapangaji wamekwisha kutia sahihi; kama hawajapatikana, chama kitakuwa kimenunua wepesi kwa bei kubwa na kukaa nao bure.

Hesabu ya kalibu

Gharama ya mabamba haiko katika saruji. Iko katika kalibu na katika winchi. Natuchukue jengo la kubuni la ghorofa 5, ukihesabu na ile ya chini, lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 15. Mzingo wake ni mita 110. Tukiamua kila bamba liwe na upana wa mita 2.75 na kimo cha mita 3.5, ghorofa moja yahitaji mabamba 40, na jengo zima mabamba 200.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kalibu moja yagharimu shilingi 6,000,000. Msanifu majengo akitumia maumbo manne, kila kalibu itamwagwa mara 50, na kila bamba litabeba shilingi 120,000 za kalibu. Lakini msanifu akipenda urembo, akaweka dirisha la namna hii huku na la namna ile kule, hata maumbo yakafika 20, kila kalibu itamwagwa mara 10 tu. Hapo kila bamba litabeba shilingi 600,000 kabla hatujahesabu mfuko mmoja wa saruji. Kwa jengo zima, tofauti ni kati ya shilingi 24,000,000 na shilingi 120,000,000. Michoro ile miwili ikibandikwa ukutani siku ya mkutano, huenda ule wa maumbo 20 ukapigiwa makofi zaidi. Katibu na ahesabu maumbo kabla ya makofi.

Yafaa pia kujua kwamba kalibu ya mbao huchakaa baada ya kutumiwa makumi machache ya mara. Kingo zake hulegea na mabamba ya mwisho hayalingani na ya kwanza. Ya chuma hustahimili mamia, ila bei yake ni kubwa.

Sasa uzito. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Bamba letu likiwa na unene wa milimita 150 na halina dirisha, ujazo wake ni mita 1.44, na uzito wake hukaribia tani 3 na nusu. Likiachiwa dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.5, hubaki kiasi cha kilo 2,650. Mzigo huo hauchukuliwi kwa kamba na mabega. Tena winchi iliyoandikwa tani 25 hunyanyua tani hizo kitu kikiwa karibu na miguu yake. Mkono wake ukinyooshwa mbali hadi upande wa pili wa jengo, uwezo hushuka sana, pengine ukabaki tani chache. Mkandarasi aonyeshe jedwali la winchi yake na mahali itakaposimama, na kama waya za umeme za mtaani zitazuia mkono wake. Winchi hukodishwa kwa siku, na siku ambayo lori la mabamba limekwama katika foleni nayo hulipiwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalitazamii: siku ambayo bamba huteseka kuliko zote si siku ya upepo mkali. Mara nyingi ni ile siku linaponyanyuliwa kutoka katika kalibu likiwa bado changa, limelala, limenata, na limeshikwa katika ndoano chache tu. Nyufa nyembamba za siku hiyo zaweza kufichwa kwa rangi. Kwa hiyo kiwanda kionyeshe matokeo ya kupima vipande vya zege kabla ya kunyanyua, na tena vya siku 28.

Kiungo

Tumefika kwenye kiini cha somo. Zege la kiwandani, likitengenezwa chini ya usimamizi mzuri, huwa bora kuliko zege lililokorogwa uwanjani kwa sepetu. Udhaifu wa kuta hizi hauko katikati ya bamba. Uko pale bamba linapokutana na bamba, na pale linaposhikwa na jengo.

Mabamba hayagusani. Huachiwa nafasi, mara nyingi ya milimita 12 hadi 20, kwa kuwa zege hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi. Ukuta ukipata joto la nyuzi 30 zaidi, bamba la mita 3.5 hurefuka kwa kiasi cha milimita 1. Ni kidogo, lakini hutokea kila mchana kwa maisha yote ya jengo. Nafasi hiyo huzibwa kwa gundi laini inayovutika. Gundi ikishika upande mmoja tu na kuachia wa pili, maji ya mvua husukumwa ndani na upepo hata kupitia ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana wahandisi waangalifu huweka kinga mbili: ya nje huzuia mvua, ya ndani huzuia upepo, na katikati huachwa mfereji wima wa kuyatoa maji machache yaliyopenya. Kinga moja peke yake ni rahisi zaidi kwa bei, na ndiyo huvuja.

Gundi hiyo haiishi umri wa bamba. Juani hukauka na kupasuka, na kwa kawaida huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 20. Chama kinachojenga kwa mabamba kimejifunga kwa kazi hiyo, na kazi yenyewe hufanywa na watu walioning'inia nje ya ghorofa ya tano. Mkutano Mkuu utenge akiba yake tangu kodi ya kwanza ya pango.

Vishikizo navyo. Bamba linalotundikwa hukalishwa juu ya vishikizo viwili vinavyobeba uzito, na hushikwa na vingine viwili vinavyolizuia lisipinduke lakini vinavyoliruhusu kurefuka. Vyote vikikazwa sana, bamba hupasuka. Vikiwa vya chuma cha kawaida mahali penye unyevu, huliwa na kutu pasipo mtu kuviona, kwa kuwa vimefichwa nyuma ya ukuta. Vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu. Hapa mkaguzi asikubali punguzo la bei.

Tena kati ya mgongo wa bamba na ukingo wa sakafu hubaki uwazi. Usipojazwa kitu kisichoungua, moto wa ghorofa ya pili hupanda hadi ya tatu kwa njia hiyo, na moshi hutangulia.

Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968

Jengo la Ronan Point, mashariki ya London, lilikuwa la makazi wala si la ofisi, lakini kila mhandisi wa mabamba amelisoma. Lilikuwa na ghorofa 22, na mabamba yake yalikuwa yale yanayobeba mzigo. Watu walikuwa wamehamia miezi michache tu. Alfajiri ya siku hiyo gesi ya kupikia iliyovuja katika ghorofa ya 18 ililipuka. Mlipuko haukuwa mkubwa mno, hata mama aliyekuwa jikoni alinusurika. Lakini ulisukuma nje bamba la ukuta wa pembeni. Sakafu ya juu, ikiwa imekosa pa kukaa, ilianguka, na zilizo juu yake zikafuata; kisha uzito wa zote ukaziangusha za chini, moja baada ya nyingine, hata pembe nzima ya jengo ikateremka. Watu wanne walikufa na 17 waliumia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mabamba yalikuwa yakikaa mahali pake hasa kwa uzito na msuguano. Hayakufungwa pamoja kiasi cha kutosha. Sheria za ujenzi za Uingereza zilibadilishwa mwaka 1970, zikadai kwamba majengo marefu yafungwe kwa namna ambayo sehemu moja ikiondoka, jengo lote lisifuate. Jengo lenyewe lilitengenezwa, likakaliwa tena, na mwaka 1986 likabomolewa kwa utaratibu, kipande kwa kipande, ili viungo vionekane. Ndipo ilipobainika kwamba viungo vingine havikujazwa zege inavyopasa. Ndani yake mlikuwa na takataka na magazeti. Kwa miaka 18 hakuna aliyeyaona, kwa kuwa kiungo kikishafunikwa hakina dirisha.

Hilo ndilo la kuogopa. Ukuta wa matofali uliojengwa vibaya hujitangaza: huenda upande, na timazi huusema. Kiungo kilichojazwa magazeti huonekana sawa na kilichojazwa zege.

Pwani, jua na barabara zetu

Miji yetu ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ina hewa ya chumvi. Chumvi ikipenya zege na kufikia nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hubanduka. Unene wa zege mbele ya nondo usipunguzwe hata kidogo chini ya ule uliochorwa na mhandisi, na upimwe katika kalibu kabla ya kumwaga. Baada ya kumwaga ni maneno matupu.

Jua nalo. Kwetu huku karibu na Ikweta, ukuta wa mashariki huchomwa asubuhi na wa magharibi jioni. Bamba tupu la milimita 150 hukusanya joto mchana na kulitoa ndani wakati karani angali mezani. Pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini iwezekanavyo. Na kwa kuwa bamba hutoka katika kalibu, vivuli vya madirisha vyaweza kumwagwa pamoja nalo kwa nyongeza ndogo. Faida hii wasanifu wengi huiacha.

Rejesta ya mabamba

Hapa Katibu hana haja ya kuwa mhandisi. Karani wa ghala aliyezoea kuandika magunia, namba, daraja na tarehe, anayo elimu yote inayotakiwa. Kila bamba liandikwe namba yake, tarehe ya kumwagwa, jina la aliyekagua nondo, matokeo ya kipimo cha zege, siku ya kufika uwanjani na mahali lilipofungwa. Kisha kila kiungo kiwe na mstari wake: nani alikijaza, nani alikiona kabla hakijafunikwa, na picha yake. Kiungo kisicho na sahihi kifunuliwe.

Fedha ziangaliwe vilevile. Kiwanda hudai malipo wakati mabamba yangali katika uwanja wake. Kikifilisika wiki ifuatayo, ni ya nani? Mkataba useme wazi kwamba chama kitalipia tu mabamba yaliyokaguliwa, yaliyotengwa, yaliyoandikwa jina la chama na kukatiwa bima. Na sehemu ya malipo ishikiliwe hadi jengo limepitiwa na masika moja bila kuvuja.

Je, tujenge kwa mabamba?

Kwa maoni ya mwandishi, chama kinachotaka ofisi ya ghorofa mbili au tatu katika mji wa wilaya kisijisumbue. Nguzo za zege na matofali ya saruji yaliyopimwa vitatosha, mafundi wako karibu, na ujira utabaki mjini humo humo. Mabamba yaanze kufikiriwa pale jengo linapokuwa refu, maumbo yanapojirudia mara nyingi, kiwanja kinapokuwa chembamba kiasi cha kukosa pa kuweka matofali, na kiwanda chenye kazi zinazoweza kukaguliwa kinapokuwa karibu. Sharti moja likikosekana, hesabu irudiwe. Kamati iende pia kutazama jengo ambalo kiwanda hicho kililimaliza miaka 10 iliyopita, na iende siku ya mvua. Ushauri wa bure wa mwuzaji usichukuliwe badala ya ule wa mhandisi aliyeajiriwa na chama. 

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya masomo

1. Jengo lina mzingo wa mita 96 na ghorofa 4. Kila bamba lina upana wa mita 3. Mabamba ni mangapi? Ikiwa maumbo ni manane yanayolingana kwa idadi, kila kalibu itamwagwa mara ngapi?

2. Mkandarasi asema kwamba kujaza viungo ni kazi ndogo isiyohitaji mkaguzi. Mtamjibu nini, na mtaandika nini katika mkataba?

3. Kodi ya pango ya mwaka wa kwanza imepatikana. Wanachama wengine wataka igawanywe yote. Ni matengenezo gani ya ukuta yanayopaswa kutengewa akiba kabla ya mgawo, na baada ya miaka mingapi yatahitajika?